Shukrani kwa Mambo Madogo
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu



Ripoti ya fedha imekwisha kusomwa mbele yenu, na Mwenyekiti ameeleza jinsi Chama chetu kilivyokua katika miaka hii 10. Sisi tumepewa dakika chache za kutoa shukrani, nasi twapenda kuzitumia kwa kusema habari za vitu visivyoandikwa katika ripoti ile, kwa kuwa mizani haivipimi wala daftari halina safu yake. Navyo ni vile vitu vidogo vya kila siku ambavyo tuliijua thamani yake katika mwaka mgumu wa 2023.

Nyote mnakumbuka. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani kwetu Kagera, nayo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa katika Tanzania. Watu 6 walifariki, na miongoni mwao alikuwamo mhudumu wa afya. Kwa kuwa ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, tuliagizwa tusipeane mikono, tunawe kwa sabuni mara kwa mara, na mazishi ya waliokufa kwa ugonjwa huo yasimamiwe na watu waliofundishwa kazi hiyo. Amri zilikuwa njema, nasi tulizitii. Lakini kuzitii kulikuwa na uchungu wake.

Kwetu Buhaya salamu si jambo la kupita njiani. Mkono hushikwa, tena hapana haraka ya kuuachia, na habari za nyumbani huulizwa moja baada ya moja: wazee, watoto, mifugo, migomba. Mgeni akiingia ndani huletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa ikakaushwa, naye huchukua punje chache pamoja na mwenyeji wake. Desturi hii ni ya kale. Babu zetu waliitafuna kahawa kwa heshima na kwa undugu kabla gunia la kwanza halijapelekwa Ulaya. Basi katika miezi ile tuliamkiana kwa mbali kama watu wenye ugomvi. Kikapu kilikaa rafuni. Penye msiba tulisimama nje ya ua, tukatoa rambirambi, tukarudi makwetu bila kulala matangani. Hapo ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba mkono wa jirani ni mali, ijapokuwa hatukuwa tumeuhesabu kamwe.

Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, na vile vitu vidogo vilianza kurudi kimoja kimoja. Katika vituo vya kupokea kahawa tuliwaona watu wakishikana mikono kwa muda mrefu mbele ya mizani, na waliokuwa nyuma yao wakangoja bila kunung'unika. Kikapu cha kahawa kilishushwa kutoka rafuni. Ndizi na maharage vililiwa tena katika sinia moja na jirani. Rubisi ilionjwa tena katika vikao vya jioni. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, senene nao walikuja, vijana wakakesha penye taa, na watoto wakachambua mabawa na miguu huku wakicheka. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kipya kwetu. Mwaka mmoja kabla yake tusingalivitaja hata kidogo. Mwaka ule tulivishukuru.

Twajua kwamba wapo watakaouliza: Maneno haya yahusu nini ushirika? Twajibu kwamba yahusu sana, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni habari ya butura. Ugonjwa ulituingilia katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, na wakulima wote wajua kwamba miezi hiyo ndiyo mibaya kuliko yote. Fedha ya msimu uliopita imekwisha, na kahawa iliyo mtini haijaiva. Hapo huja mwenye fedha, akainunua kahawa ikiwa bado ua au punje changa, kwa bei apendayo yeye. Na mavuno yakiiva, huyachuma kana kwamba shamba ni lake. Serikali imeyakataza mambo hayo, nasi katika Chama tumeyakemea mara nyingi. Lakini tusiseme kwamba mkulima aliyeuza butura ni mtu asiyejua kushukuru. Aliuza kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa, au karo ilitakiwa kesho, na hakuona mlango mwingine wa kubisha. Tena tukumbuke kwamba auzaye maua hauzi kahawa peke yake. Auza pia sukari ya chai ya mwezi wa Agosti, na kitenge cha mama cha sikukuu, na ile heshima ya kusimama mbele ya mizani na gunia lake mwenyewe. Kisha hupita msimu mzima akiwa kibarua katika shamba la baba yake.

Njia ya pili yatuhusu sisi tulio katika ofisi, na twaomba tuiseme waziwazi. Kushukuru si kunyamaza. Mkulima akishukuru kwa chai yake ya jioni, haina maana kwamba ameridhika kucheleweshewa malipo yake. Neno shukrani lisitumiwe na kiongozi awaye yote kuwa blanketi la kufunikia hesabu. Mwanachama ana haki ya kuuliza kahawa yake iliuzwa kwa bei gani, makato yalikuwa nini, na malipo ya nyongeza yatoka lini. Na aulizapo hakosi adabu. Karani akishika stakabadhi mkononi, na afahamu kwamba hakushika karatasi tu. Ameshika sabuni, mafuta ya taa, daftari la mtoto na nauli ya kwenda kumwamkia mama mzazi. Malipo yakikaa wiki mbili bila sababu, katika vitabu zaonekana siku 14 tu. Lakini nyumbani kwa mkulima ni jioni 14 zisizo na sukari.

Wazee wetu wameyaona mengi katika mambo ya ushirika. Chama Kikuu cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950; mwaka 1976 vyama vikuu vya nchi nzima vilivunjwa na Serikali; na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka ile ambayo hapakuwa na chama, wakulima hawakuacha kusaidiana shambani, wala kuzikana, wala kuchangiana. Kwa hiyo ushirika uliporudi ulikuta watu ambao tayari walizoea kuaminiana. Nasi twaamini kwamba chama hujengwa juu ya mambo hayo madogo, wala si juu ya majengo na mihuri.

Ndugu wanachama, leo alasiri mtaletewa shauri moja la kuamua. Halmashauri yapendekeza kwamba sehemu ya ziada yetu isitumiwe kwa jengo la ukumbusho, bali itiwe katika mfuko wa mikopo midogo, utakaofunguliwa kila mwaka katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, ili mwanachama mwenye shida apate mahali pa kukopa bila kuuza maua yake. Mkopo utalipwa wakati wa mavuno, na hesabu za mfuko zitabandikwa ukutani katika kila chama cha msingi, kila mtu azione. Twajua kwamba jengo lingependeza machoni, na wageni wangelisifu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba tukitakacho ni kile kitakachomfikisha mkulima salama hadi siku ya kuchuma. Twawaomba mlifikiri shauri hili kwa makini, mliulizie maswali magumu, kisha mpige kura kama dhamiri zenu zitakavyowaongoza.

Twamaliza kwa kuwashukuru wahudumu wa afya waliosimama karibu na wagonjwa wakati sisi wengine tuliamriwa kukaa mbali. Twawashukuru kina mama walioanika na kuchambua kahawa yetu, na wazee waliotuvumilia. Na baada ya mkutano huu, kila mmoja wetu na amshike mkono jirani yake, amwulize habari za nyumbani, wala asifanye haraka kuuachia.

Mungu azibariki kazi za mikono yetu. Umoja ni nguvu.