Jinsi Milima na Mabonde Yanavyogawa Theluji

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za theluji, kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukishika kwa mkono, ijapokuwa wako waliokizoea kwa macho. Mtu wa Moshi au Taveta akiamka alfajiri, mbingu zikiwa safi, huiona Kibo imevaa kilemba cheupe. Johannes Rebmann alipoiona mara ya kwanza, mwezi wa Mei mwaka 1848, aliandika kwamba ile ni theluji. Kule London walikuwako mabwana wenye elimu waliokataa kabisa kusadiki. Walisema, theluji itapatikanaje karibu na mstari wa Ikweta? Nao hawakuwa wameuona mlima wenyewe. Lakini yule aliyemwongoza Rebmann njiani alikuwa na neno lake kwa kile kitu cheupe: alikiita baridi. Na kwa kweli jibu lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko jibu la mabwana wale.

Theluji ya Kibo ni kazi ya kimo cha mlima, futi 19,340 juu ya bahari. Ziko nchi nyingine ambako theluji hushuka mpaka mashambani na mijini katika majira ya baridi. Hapo huzuka swali lililo gumu zaidi. Kwa nini kijiji kimoja kifunikwe mpaka madirisha, na kijiji kingine, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, kisipate hata kidogo? Ili tusizunguke dunia nzima, twachagua nchi moja, nayo ni jimbo la Washington, upande wa kaskazini-magharibi wa Marekani.

Jichoreeni picha ya nchi ile kichwani. Magharibi iko Bahari ya Pasifiki. Kisha iko safu ya kwanza ya milima, iitwayo Olympic. Nyuma yake ni nchi ya chini yenye ghuba, na hapo ndipo ulipo mji wa Seattle. Halafu inasimama safu ya pili, kubwa zaidi, iitwayo Cascade, iliyonyoka toka kaskazini hata kusini kama ukuta wa boma. Ng'ambo ya ukuta huo ni nyanda kavu za bara. Katika majira ya baridi pepo hutoka baharini zikivuma kwenda mashariki, na zimebeba maji mengi. Basi pepo hizo hazina budi kuupanda ukuta.

Hewa inapopanda hupoa. Sababu yake twaweza kuijua kwa baisikeli. Mtu akijaza tairi upepo, pampu hupata moto mkononi mwake, kwa kuwa hewa imebanwa. Akiuachia upepo utoke kwa nguvu, akiweka kidole hapo ataona ni wa baridi, kwa kuwa hewa imepata nafasi na kutanuka. Huko juu mlimani hewa haigandamizwi sana kama pwani. Kwa hiyo kila ipandapo hutanuka, na kila itanukapo hupoa. Hewa isiyo na wingu hupoa kiasi cha digrii tano na nusu za Fahrenheit kwa kila futi elfu moja. Ikisha kupoa sana haiwezi tena kubeba mvuke wake wote. Mvuke hugeuka wingu, na wingu huangusha mvua au theluji. Ng'ambo ya pili mambo hupinduka. Hewa hushuka, hubanwa, hupata joto, na mawingu huyeyuka.

Matokeo yake ni ya ajabu. Mahali paitwapo Paradise, ubavuni mwa mlima wa Rainier, kwenye kimo cha futi 5,400 hivi, majira ya mwaka 1971 hata 1972 ilianguka theluji ya futi 93 na nusu. Kwenye mlima wa Baker, upande wa kaskazini wa safu ile ile, majira ya 1998 hata 1999 zilipimwa futi 95. Minazi mingi haifiki hapo. Msidhani, lakini, kwamba theluji ilisimama kimo hicho siku moja. Theluji hujigandamiza na kuyeyuka kidogo kidogo, na hesabu ile ni jumla ya yote iliyoanguka. Hata hivyo, mwaka 1955 pale Paradise ilisimama zaidi ya futi 30 kwa wakati mmoja. Na mji wa Yakima, ulio mashariki ya milima hiyo, kwa mwaka mzima hupata maji ya inchi nane tu kutoka mbinguni, mvua na theluji pamoja. Mlima umekamua wingu kama mtu akamuavyo tui, na Yakima imepewa chicha. Watu wa Kilimanjaro hawatastaajabu, maana wajua kwamba Kibosho na Machame hupata mvua tele, na upande wa kaskazini wa mlima ule ule ni mkavu.

Mpaka hapa tumesema habari za milima. Mabonde nayo yana tabia zake, na kwa maoni yetu ndiyo yenye werevu zaidi.

Hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji na kujaa mahali pa chini. Wakulima wa Kinangop katika Kenya wajua sana jambo hili: usiku mkavu usio na mawingu, jalidi huunguza viazi vya bondeni, na shamba la mlimani huachwa salama. Katika Washington jambo hilo hutokea kwa kadiri kubwa mno. Usiku wa majira ya baridi ni mrefu, na zile nyanda za bara nyuma ya Cascade hujaa hewa ya baridi kama bakuli lijaavyo maji. Mlima huizuia isitoke. Lakini kila bakuli lina ufa wake. Ufa mmoja ni kipito kiitwacho Snoqualmie, chenye kimo cha futi 3,000 tu. Mwingine ni korongo la mto Columbia, ambapo mto umeikata milima karibu sawa na usawa wa bahari.

Basi dhoruba inapokaribia kutoka Pasifiki, mgandamizo wa hewa upande wa pwani hupungua, na ile baridi iliyofungwa bara huvutwa magharibi kupitia nyufa hizo. Juu yapita mawingu yakienda mashariki. Chini yapita upepo wa baridi ukienda magharibi. Chembe za theluji zishukazo kutoka mawinguni huingia katika baridi ile ya chini, na hivyo hufika ardhini bado ni theluji. Ndiyo sababu Snoqualmie, ijapokuwa ni pa chini, hupokea theluji nyingi kuliko mtu angalivyokisia kwa kukitazama kimo chake peke yake. Na katika korongo la Columbia hutokea jambo baya zaidi. Hewa ya juu ikiwa ya joto, chembe huyeyuka zikawa mvua. Kisha mvua hiyo hupita katika baridi ya bondeni isipate nafasi ya kuganda, ila ikigusa tawi, waya au barabara, huganda papo hapo. Miti huvunjika kwa uzito, na barabara huwa kama kioo.

Tena, upepo ule wa mashariki haudumu. Dhoruba ikisha kupita kipito, upepo hugeuka ukatoka baharini, na kwa muda mfupi theluji huwa mvua. Neno hili dogo, theluji kugeuka mvua, limepata kuua watu wengi, nasi twataka kulieleza kwa kirefu.

Mwishoni mwa mwezi wa Februari mwaka 1910, gari la moshi la abiria liliondoka Spokane, mashariki ya jimbo, likienda Seattle kwa njia ya kipito cha Stevens. Pamoja nalo lilikuwako gari la barua. Yalipita handaki lililotobolewa mlimani, yakafika kituo kidogo cha Wellington upande wa magharibi, na hapo yakasimama, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa imezibwa. Theluji ilianguka usiku na mchana. Mashine za kuondoa theluji zilifanya kazi, lakini kila walipofungua mahali pamoja, mahali pengine paliporomokewa. Mwisho mashine zenyewe zilikwama, na makaa ya mawe yakapungua. Waya za simu zilikatika. Abiria walikaa ndani ya mabehewa kwa siku kadha wa kadha, wakitazama mteremko uliokuwa juu ya vichwa vyao. Mteremko huo ulikuwa umeunguzwa na moto zamani kidogo, na miti ambayo ingeweza kuishika theluji haikuwako tena. Wako waliochoka kungoja, wakajitosa kushuka kwa miguu kufuata njia ya reli, nao waliokoka.

Kisha hali ya hewa ikageuka. Upepo wa joto ukaja, theluji ikawa mvua, na usiku pakawa na radi na umeme. Fikirini wenyewe mzigo ule: theluji ya siku nyingi iliyolala juu ya mteremko, nayo sasa inanyweshwa maji, ikizidi kuwa nzito na kushikana kwake kukizidi kulegea. Usiku wa manane kupita kidogo, tarehe 1 Machi, theluji ya mlima mzima ilikatika ikateremka. Iliyasukuma magari yote mawili ya moshi, injini na mabehewa na watu waliolala, ikayatupa chini katika bonde la mto Tye. Watu 96 walikufa. Katika historia ya Marekani hapajatokea maporomoko ya theluji yaliyoua wengi kuliko hayo.

Kampuni ya reli ilijenga mapaa ya kuikinga njia, na jina la Wellington likabadilishwa, kituo kikaitwa Tye. Mwisho walitoboa handaki jipya, la chini zaidi, lenye urefu wa karibu maili nane. Lilifunguliwa mwaka 1929, na njia ya zamani ikaachwa kwa mlima.

Labda mtu atauliza, je, theluji hii ni adui tu? Sivyo. Tulisema Yakima hupata inchi nane za maji kwa mwaka. Walakini bonde la Yakima ni mashuhuri kwa matofaa ya Kizungu, na miti ya matunda haiwezi kuishi kwa inchi nane. Maji yake ni ya theluji ile ile ambayo mlima ulimnyima mkulima. Theluji hulala juu majira yote ya baridi, na jua la masika ya kwao likija huyeyuka polepole, ikashuka kwa mito mpaka kwenye mifereji ya mashamba. Mlima ni ghala yake.

Kwa hiyo ni lazima kujua ghalani mna nini. Mtu aliyefundisha Wamarekani kupima vema hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa, bali mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada. Jina lake ni James Church. Alipenda kupanda mlima wa Rose wakati wa baridi, na mwanzoni mwa karne ya 20 akabuni bomba refu la chuma lenye meno mwishoni. Mpimaji hulidunga ndani ya theluji mpaka ardhini, hulitoa na theluji iliyomo, akalitundika kwenye mizani. Yeye hakujali theluji ina futi ngapi. Alijali ina maji kiasi gani. Theluji nyepesi ya inchi kumi yaweza kuwa na maji ya inchi moja tu, na theluji iliyokaa na kujigandamiza huwa na maji mengi kupita hayo. Siku hizi viko vyombo vinavyopima uzito huo vyenyewe na kupeleka habari bila mtu, lakini bomba la mwalimu yule bado linatumika.

Mwaka 2015 ulionyesha maana ya hesabu hiyo. Majira ya baridi yaliyotangulia, mawingu hayakukosa kuja Washington, wala maji hayakupungua sana. Lakini hewa ilikuwa ya joto kupita desturi, na mahali pengi palipozoea theluji palinyesha mvua. Mvua ilishuka mitoni mara moja ikaenda zake baharini, wakati ambao mkulima hakuihitaji. Ilipofika masika ghala ilikuwa tupu, na mwezi wa Mei serikali ya jimbo ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya ukame. Katika bonde la Yakima wakulima wenye haki za maji za baadaye walipewa sehemu tu ya maji yao, maana kule mwenye haki ya zamani hunywesha kwanza.

Huku kwetu barafu ya Kibo nayo imepungua sana: zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu iliyopimwa mwaka 1912 zimekwisha. Hata hivyo mifongo ya Wachaga haitegemei barafu kama mifereji ya Yakima itegemeavyo theluji. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika msitu, ambako mvua na ukungu hunaswa na miti. Mpimaji wa Yakima hupanda na bomba lake mwanzo wa Aprili, wakati theluji kwa kawaida imefikia kilele chake. Mtu wa Kilimanjaro atakaye kujua maji yake ya mwaka ujao, na autazame msitu wake kwanza.