Ngoma Haikuukausha Mkorosho: Bei, Siku ya Malipo na Maji katika Uchumi wa Masasi na Newala



Katika uchumi wa Tanzania yupo mbuzi mmoja maarufu sana. Inasimuliwa kwamba msimu mmoja bei ya korosho ilipopanda, mkulima wa huku kwetu Kusini aliingia baa na mbuzi wake, akaagiza soda, akamnywesha. Wengine husema ilikuwa bia. Wengine husema hakunyweshwa bali aliogeshwa. Hadithi hii nimeisikia kwenye basi, nimeisikia harusini, na, jambo lililonisukuma kuchagua mada ya leo, nimeisikia kwenye vikao vya wachumi wenye shahada zao. Sijapata kukutana na mtu aliyemwona mbuzi huyo kwa macho yake. Hata hivyo amefanya kazi kubwa: ndiye shahidi mkuu wa nadharia kwamba umaskini wa Kusini unatokana na utamaduni wa Kusini.

Nadharia yenyewe niieleze kwa haki kabla ya kuishambulia. Uchumi hukua watu wanapoweka akiba na kuwekeza. Mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka, kati ya Oktoba na Januari. Fedha hizo, wanasema, huishia kwenye jando na unyago, sare, muziki wa kukodi na mke wa pili. Ikifika Machi mwenyewe anakopa unga na kuahidi korosho ambazo hazijatoa hata maua. Kwa hiyo bei ikipanda, kinachopanda ni ngoma tu.

Yanayojulikana na wengi nitayapitia haraka. Mnajua kwamba tangu mwanzo wa karne hii uchumi wa nchi yetu ulikua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka kwa muda mrefu, huku umaskini wa mahitaji ya msingi ukishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Mnajua hoja ya wachumi Dollar na Kraay ya mwaka 2002 kwamba kipato cha maskini hupanda sambamba na kipato cha wastani, na mnajua majibu ya wapinzani wao. Mnajua pia Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951, ulioacha bandari Mtwara, magofu Nachingwea na reli iliyong'olewa baadaye. Sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka kujua ni kwa nini, kila takwimu zinapokataa kutii nadharia, tunakimbilia kulaumu tabia za maskini.

Sasa tumfungue mbuzi kamba.

Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka mikoa hii ya Kusini. Mwaka 1986/87 tukavuna takribani tani 16,500. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000, na msimu wa 2024/25 zikavuka tani 500,000. Nauliza: unyago ulianza lini? Mwaka 1973 watu hawakuwa wakicheza? Au mwaka 1986 walicheza mara tisa zaidi, kisha 2024 wakaacha? Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachopanda na kushuka kiasi hicho. Hili tunamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, halafu tunalisahau tukishapata uprofesa.

Yaliyobadilika tunayafahamu. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu ikaiacha mikorosho yao nyuma, na shamba lisilo na mwenyewe karibu huwa pori. Bei aliyolipwa mkulima ilibanwa mpaka kupalilia kukawa hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, unaochoma maua na kuyaacha kama yamepakwa majivu. Na katika miaka hiyohiyo taifa lilikuwa likikopa kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala. Vingi vilikosa korosho ya kubangua, vikageuka maghala. Mkulima alifanya jambo la busara kabisa: aliacha zao lisilolipa, akalima muhogo. Mchumi Theodore Schultz aliandika mwaka 1964 kwamba mkulima maskini hutumia vizuri kile kichache alicho nacho. Angekuja Newala mwaka 1985, angepata ushahidi wa kutosha.

Vilevile, kilichoirudisha mikorosho hakikuwa mahubiri dhidi ya ngoma. Kituo cha utafiti cha Naliendele kilitafuta miche bora na njia za kupambana na ubwiriunga; salfa ikafika mashambani; bei ikapanda; na kuanzia msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ukampa mkulima mnada badala ya bakuli la mlanguzi wa kangomba, yule anayenunua kwa kificho na kwa kipimo chake mwenyewe.

Watetezi wa nadharia hurudi nyuma hatua moja. Sawa, husema, uzalishaji umepanda, lakini fedha zinafujwa. Hapo tuulize kufuja ni nini. Anayemtunza mwali wa jirani leo anajua kwamba mwaka mwanawe atakapotoka, jirani huyo hatakuja mikono mitupu. Hiyo ni akiba iliyowekwa kwa watu, mahali ambapo kwa miaka mingi benki ilikuwa safari ya siku nzima. J. A. R. Wembah-Rashid, aliyezitafiti kwa kina jamii za Kusini Mashariki zenye ukoo wa upande wa mama, aliliuliza swali hili waziwazi katika kitabu cha mwaka 1998 kilichohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda: je, utamaduni wa huku ni adui wa maendeleo? Sura ile ilistahili kuumaliza mjadala. Haikuumaliza kwa sababu moja tu: mbuzi anasimulika kuliko sura ya kitabu.

Nami sikatai kwamba zipo sherehe zinazomaliza gunia la mwisho, wala sikatai kwamba pombe ya nipa imeharibu nyumba. Mtoto anayekosa shule kwa sababu ya ngoma ni hasara, na wazee mliopo hapa mmelisema hilo kabla ya wachumi. Ila ukipita barabara ya Masasi hadi Newala, inua macho utazame mapaa. Bati lile halikuota. Na chini ya bati, kwa yule aliyepata misimu miwili mizuri, utakuta kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Ukitaka kujua Mmakonde huwekeza wapi, tazama paa na kisima. Kwa nini kisima? Hapo ndipo ninapoingia katika jambo nililokuja kulisema.

Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa haujatulia, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, akafika Newala na Mahuta. Alikuja na fonografu, kamera ya picha za kutembea na askari wa kumlinda, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari hiyo. Ni kitabu chenye dharau nyingi za zama zake. Mara kwa mara mwandishi anahitaji kuzabwa kofi. Lakini hakuna chanzo ninachokirudia zaidi ya hicho, kwani Weule alikuwa na tabia moja njema: alihangaishwa na asichokielewa. Na alichoshindwa kukielewa Newala ni hiki: watu wenye akili wanakaaje juu ya uwanda wa mchanga wa Makonde, usio na mto wala chemchemi, huku wanawake wao wakiteremka genge hadi bondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani?

Jibu analolitoa kitabuni ni simulizi. Zamani palikuwa na mtu aliyeishi porini peke yake, hanawi, hanyoi. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha. Kulipokucha sanamu imekuwa mtu, akamwoa. Walioga mtoni Ruvuma, mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia bonde jingine, wa pili naye mfu. Wakapanda uwandani Mahuta, wa tatu akaishi. Tangu hapo ukawekwa usia: msikae mabondeni kwenye maji mengi, huko kuna maradhi na mauti.

Wanafasihi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya kinyago. Mimi hukisoma kama mchumi, na ninaona hesabu ya faida na gharama iliyo safi kuliko nyingi nilizosahihisha darasani. Bondeni kuna maji, mbu, na njia ya wavamizi. Wangoni waliivamia misheni ya Masasi mwaka 1882. Uwandani kuna uhai na usalama, lakini hakuna maji. Wahenga walichagua uhai. Gharama ya uchaguzi huo iliwekwa juu ya vichwa vya wanawake, na tangu hapo wamekuwa wakiilipa bila kuandikwa katika daftari la yeyote.

Mimi ni mzaliwa wa Mkomaindo, Masasi, lakini nimelelewa Newala kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa waziri wa fedha wa nyumba ile, ingawa fedha yake ilikuwa muda. Jioni aligawa watu: fulani na fulani watateremka kisimani alfajiri, fulani ataokota korosho. Watu hawakutosha kamwe. Mwezi wa Novemba foleni ya ndoo bondeni ilikuwa ndefu, na waliokwenda walirudi jua likiwa kali, wamechoka, hawafai kwa kazi nyingine. Korosho zililala chini ya mti pamoja na mabibo yake, na mvua ya kwanza ilipozikuta hapo, zilishuka daraja.

Tazameni kalenda. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba, na maji ya uwandani huadimika zaidi katika miezi hiyohiyo, kabla ya mvua za Desemba. Kazi mbili nzito kuliko zote zinaangukia msimu mmoja na mikono ileile. Isitoshe, salfa ya unga hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande, ndiyo saa ya kisimani. Na viuatilifu vya maji, kama jina lake linavyosema, vinahitaji maji. Mwenye kisima cha saruji hupuliza kwa wakati na huuza maji kwa jirani. Asiye nacho hununua maji kwa fedha ambayo ingenunua dawa. Ukitafuta tofauti kati ya tajiri na maskini katika kijiji cha uwandani, usianze na idadi ya ngoma.

Wakoloni walilitambua hili wakiwa wamechelewa. Miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kuyapandisha maji kwa pampu na kuyauza vituoni. Baada ya uhuru maji ya vijijini yakafanywa bure, Wafini wakaja na misaada tangu miaka ya 1970, mabomba yakalazwa, pampu zikafa, nyingine zikafufuliwa. Masasi na Nachingwea sasa zinapata maji ya chemchemi ya Mbwinji. Uwanda bado unasubiri mradi mkubwa wa Makonde ukamilike, nao ni sehemu ya mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Mitambo ilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni kuyahesabu maji kuwa pembejeo ya korosho, sawa na salfa na gunia.

Najua mtaniuliza kuhusu mengine, na nayapima. Bei ni kubwa, sibishani. Lakini bei isiyo na siku ya malipo ni ahadi. Novemba 2018 serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi, ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba korosho. Bei ilikuwa nzuri. Ukaja uhakiki, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Mkulima asiyejua atalipwa lini hukopa kwa kangomba, kisha tunaandika kwamba hajui kuweka akiba. Viwanda navyo ni muhimu: korosho yetu ghafi huwapa kazi wabanguaji wa India na Vietnam. Ila jirani zetu wa Msumbiji wametufundisha tahadhari. Walipolegeza biashara ya korosho ghafi miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia, wachumi McMillan, Rodrik na Welch walikadiria kwamba kaya ya wastani ya mkulima ilipata nyongeza isiyozidi dola 5.30 kwa mwaka, huku wabanguaji wakipoteza kazi. Barabara? Daraja la Mkapa la mwaka 2003, kwenye mto Rufiji, lilitupunguzia kifungo cha masika. Yote haya nayakubali.

Baada ya kuyakubali yote bado nasimama palepale. Bei, mnada, kiwanda na barabara vyote vinadai kitu kimoja kwanza, nacho ni mikono iliyo huru asubuhi. Ukuaji wa uchumi humwondoa mtu katika umaskini pale unapompata akiwa na saa ya kuutumia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila mnada wa vyama vyetu vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, utangaze siku ya malipo pamoja na bei, na anayechelewa alipe fidia. Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, ambao hadi mwaka 2018 asilimia 65 yake ilirudi kuendeleza zao kabla ya sheria kuupeleka wote Mfuko Mkuu, sehemu yake irudishwe uwandani, na fungu la kwanza liwe la mabomba ya vitongojini na visima vya mvua vya kaya zisizo na bati. Na nyinyi wanafunzi, tupeni utafiti unaopima saa za maji msimu wa korosho, kaya kwa kaya, kwa mwaka mzima.

Mpaka utafiti huo uandikwe, atakayeniambia kwamba Newala ni maskini kwa sababu inacheza, nitamwomba anipe kwanza ratiba ya siku ya mwanamke wa uwandani mwezi wa Novemba, saa kwa saa. Akishanipa, niko tayari kujadili ngoma.