Mashimo ya Nguzo Karibu na Miti Mikubwa

Anayejenga veranda kando ya muuru au mugumo akumbuke kwamba mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Hukaa ndani ya sentimita 60 za juu, na huenea kupita kivuli cha matawi. Fundi achimbe kwa mkono, taratibu. Akikuta mzizi wenye unene wa sentimita 5 au zaidi, asiukate, asogeze shimo. Mizizi minene iliyo karibu na shina ndiyo inayoushikilia mti. Ikikatwa leo, mti unaweza kusimama vizuri mpaka mvua ya masika, Machi hadi Mei, ilainishe udongo, kisha uiangukie nyumba yenye watu.