NYAVU ZETU NA MISHIPI YETU

Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, Sikukuu ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Neno letu ni juu ya nyavu na mishipi, maana katika mkutano huu litakatwa shauri la mikopo ya zana za kuvulia, na fedha hiyo ni ya mkulima kama ilivyo ya mvuvi.

Hapo kale wavu ulitoka shambani. Ulisukwa kwa uzi wa pamba, na kamba zake zilikuwa za katani au makumbi ya nazi. Kwa kuwa pamba huoza, wazee wetu waliutia maji ya magome ya mikoko, wakauanika kila watokapo baharini. Kisha ikaja nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938. Ni nyepesi, ina nguvu, wala haiozi. Lakini sifa hiyo ndiyo hatari yake: wavu wa nailoni ukikwama mwambani na kuachwa, huendelea kunasa samaki na kasa kwa muda mrefu, wala hapana awafaidiye.

Jambo la pili ni macho ya wavu. Jarife la macho mapana hukamata nguru na papa, wadogo wakapita. Mshipi wenye ndoana na chubwi humleta changu au chewa mmoja mmoja. Juya la macho madogo halichagui. Hukokotwa juu ya majani ya bahari wakuliamo tafi wachanga, likazoa wote. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001.

Wako wenzetu wasemao kwamba juya huwapatia watoto kitoweo wakati wa kusi, mashua ndogo zishindwapo kuvuka mwamba. Hayo ni kweli, nasi hatuyadharau. Lakini mkopo haulipwi kwa siku moja. Hulipwa kwa misimu. Mkulima alaye mbegu hushiba leo, na masika yakija hana cha kupanda. Mvuvi azoaye wachanga hufanya vivyo hivyo, na deni hubaki katika daftari la wote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila wavu wa mkopo upimwe kabla ya kutoka ghalani, jicho likivutwa toka fundo hadi fundo. Pili, utiwe alama, na ukipotea habari iletwe siku ile ile, ili wenye mashua wasaidiane kuuopoa. Tatu, atakayesalimisha juya atangulizwe katika mikopo ya jarife na mishipi, asiachwe mikono mitupu.

Wahenga walisema: Mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Nasi bahari hii hatuihami kamwe; kila alfajiri twairudia.