Anayeona mvua kwanza ni jirani wa mlimani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za vijiji vya kando ya Ziwa Kivu)



Tunawashukuru kwa kuitika mwaliko, hasa ninyi mliokuja kwa mtumbwi na ninyi mlioshuka mlima kwa miguu. Tumeombwa tuseme jinsi wananchi wenyewe wanavyoweza kujipanga na kupunguza hatari ya maafa. Wengi mnatujua kama watu wa kupatanisha jamaa zinazogombania mashamba na mipaka. Labda mnajiuliza: watu wa amani na mafuriko, wapi na wapi? Tutajibu kwa kueleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Kalehe. Ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mito ilishuka na mawe, matope na miti, ikafagia nyumba na soko, huko Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walipita 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei ikawa siku ya maombolezo ya taifa. Humu ndani wamo waliozika ndugu zao siku hizo. Tunawapa pole tena.

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Oktoba 2014 mafuriko yalikuwa yamekwisha kuua watu katika eneo hilohilo. Wafu walizikwa na nyumba zikajengwa tena mahali palepale. Tusiseme ni ujinga. Kati ya mlima na ziwa mahali tambarare ni padogo, na hapo ndipo penye barabara, soko, samaki, na udongo mzuri ulioletwa na mito yenyewe. Mtu hujenga pale anapopata chakula cha watoto.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Mvua kubwa ni tukio la asili. Inageuka maafa inapokuta nyumba zimejengwa njiani mwa maji, mlima umebaki bila miti, na kijiji hakina habari. Mvua hatuwezi kuizuia. Hayo mengine, kwa sehemu, yamo mikononi mwetu.

Sasa kosa letu. Baada ya maafa yale tulikwenda katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Tulikaa na kamati siku tatu, tukachora ramani ya hatari, tukachagua uwanja ulioinuka uwe mahali pa kukimbilia. Tulirudi ofisini, tukaandika mpango kwa Kifaransa, tukapiga mhuri. Msimu uliofuata, usiku mmoja mto ulianza kujaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda uwanjani. Watu walijazana barabarani, gizani, karibu na maji. Mvua ilikatika, mto ukapungua kabla ya kufika kwenye nyumba. Wale watu hawakuokolewa na mpango wetu.

Tuliporudi kuuliza, tuliambiwa kwamba uwanja ule ulikuwa na kesi kati ya jamaa mbili. Kila upande uliogopa kwamba atakayelala pale atadai haki. Sisi, watu wa kupatanisha mashamba, hatukuuliza uwanja ni wa nani!

Kisha mama mmoja akasema: "Wanangu, karatasi yenu ni nzuri. Lakini wale wa kule juu mliwauliza? Si wao wanaoona mvua kwanza?"

Alisema kweli. Milima yetu ina mteremko mkali, na mto unaweza kushuka kwa muda mfupi sana huku kando ya ziwa jua linawaka. Onyo linalofika kwa wakati ni lile linalotoka mlimani. Lakini watu wa juu na wa chini hawakuwa wakisemezana. Wa chini walisema: "Ninyi mnakata miti na kulima mpaka ukingoni, mnatuua." Wa juu walijibu: "Makala tunayochoma, nani anayanunua?" Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa na kosa.

Basi tulianza upya, safari hii kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, na pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja. Mikutano ilikuwa mingi na mingine ilivunjika kwa makelele. Mwishoni walipatana juu ya mambo manne, ambayo ninyi pia mnaweza kuyapima kwenu.

La kwanza ni onyo. Watazamaji wawili wanakaa juu. Mvua ikizidi bila kupungua, maji yakibeba matawi na udongo, au mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, yaani pengine umezibwa na maporomoko huko juu, wanapiga simu. Kwa kuwa mtandao hupotea, filimbi zinapokezana kutoka kilima hadi kilima.

La pili ni mahali pa kukimbilia. Jamaa zile mbili zilitia sahihi mbele ya shefu na wazee kwamba uwanja ni wa kila mtu usiku wa hatari, na kulala pale hakumpi mtu haki yoyote juu ya udongo. Kesi yao inaendelea, lakini mlango uko wazi.

La tatu ni kujua nani atamshika nani mkono. Kila nyumba kumi zina orodha ya wazee, walemavu, wajawazito, na watoto wanaobaki peke yao mama akienda sokoni. Somo hili tulilipata Goma. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tena watu wa kartiye kumi walipoambiwa kuhama tarehe 27 Mei, mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Tangu hapo watoto wa kijiji kile wanafundishwa kutaja jina la mzazi, la kijiji, na la mahali pa kukutania.

La nne ni kazi ya kupunguza hatari yenyewe. Siku ya salongo vijana wa chini wanapanda mlimani kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko pamoja na wenye mashamba, na kupanda matete na mianzi kando ya mto. Zamani wangesema, "Shamba si letu." Leo wanajua kwamba mtaro wa juu unalinda soko la chini.

Hatusemi yote yamekwisha. Jamaa nyingi bado zinalala njiani mwa maji kwa sababu hazina mahali pengine pa kujenga. Kuhamia kwingine kunataka udongo, na udongo una mwami, una konsesio, una wenyeji waliotangulia. Tukiharakisha kuhamisha watu bila mapatano, tutakuwa tumeondoa mafuriko na kuleta vita. Hapo tunahitaji serikali na wafadhili, na hatutaacha kuwadai. Lakini ninyi mnaona: mwaka 2025 vita vimebadilisha watawala Goma, Bukavu na sehemu za Kalehe. Ofisi zinafungwa na miradi inasimama, na mvua inaendelea kufuata majira yake. Filimbi ya jirani haingoji bajeti.

Ndiyo jibu letu kwa lile swali la kwanza. Mpango wa maafa ni mapatano ya amani yanayofanywa kabla ya siku ya hatari. Usiku wa mafuriko hakuna nafasi ya kupatana.

Mkirudi nyumbani, msianze na karatasi. Anzeni kwa kuulizana: juu yetu, nani anaona mvua kwanza? Na mara ya mwisho tulisemezana naye lini?