INSEAD: Shule ya Mabosi na Bei ya Mlango Wake

INSEAD, shule ya biashara iliyoko Fontainebleau, kusini mwa Paris, ilianzishwa mwaka 1957, mwaka uleule nchi sita za Ulaya zilipotia saini Mkataba wa Roma. Mmoja wa waasisi wake, Georges Doriot, alikuwa mzaliwa wa Ufaransa aliyefundisha Harvard, Marekani. Masomo yalianza mwaka 1959 katika kasri la wafalme wa zamani.

Kwanza, masomo yenyewe. Shahada yake ya uzamili katika usimamizi wa biashara, MBA, huchukua miezi 10, ilhali vyuo vingi vya Marekani hutumia miaka miwili. Ipo pia shahada ya uzamivu, pamoja na kozi za wakurugenzi walio kazini. Mwaka 2000 ilifunguliwa kampasi ya Singapore, kisha ikafuata ya Abu Dhabi.

Pili, shule hii inamhusu vipi mwananchi wa kawaida? Wahitimu wa shule kama hizi huongoza benki na kampuni zinazoamua mikopo, bei na ajira. Tidjane Thiam wa Côte d'Ivoire, aliyesoma INSEAD, aliongoza benki ya Credit Suisse kuanzia 2015 hadi 2020.

Wanaoisifu INSEAD husema inakutanisha vijana wa mataifa mengi darasa moja. Kwa upande mwingine, ada ya MBA ni takriban euro 100,000, na ufadhili haumfikii kila mwombaji.

Swali linabaki: je, shule hizi huibua viongozi wapya, au huwaongezea nguvu wale ambao tayari wanazo?