Marafiki na Wazee Ni Akiba ya Nyumba

 

Mara nyingi tukizungumza juu ya kubana matumizi, watu hufikiri fedha tu: usinunue hiki, punguza kile, weka senti zako. Mkulima husikia hayo akacheka, na ana haki ya kucheka. Fedha ya korosho humjia kwa msimu mmoja, na ikifika Januari au Februari wengi hawana hata hiyo senti ya kubana. Basi leo sitawaambia mpunguze kitu. Nataka tuzungumze juu ya akiba ambayo nyumba nyingi za huku zinayo bila kuihesabu, yaani marafiki, kazi ndogo za mkono tunazozifanya jioni kwa kujifurahisha, na yale wanayoyakumbuka wazee wetu. Nitaanza na hayo ya wazee, kwa sababu yanahusu uhai wa watu.

Sisi wa kusini tunakula muhogo. Tena wengi tunapanda muhogo mchungu kwa makusudi, maana nguruwe na nyani hawaupendi, na wezi vilevile. Lakini uchungu ule ni dalili ya sumu. Wataalamu wanaiita sayanaidi. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, ila dawa yake waliijua, na dawa yenyewe ni kutokuwa na haraka. Bibi alimenya muhogo wake wakati wa kiangazi, akauanika juu ya uchanja wiki mbili au tatu mpaka ukawa makopa makavu, ndipo akauweka. Mwenye maji ya kutosha aliuloweka siku tatu hadi ukalainika, akaukamua, kisha akauanika. Mtoto akichukua kipande kabla ya wakati alipigwa kofi la mkono, na hakuelezwa sababu.

Mwaka 1988, hapa hapa wilayani Masasi, watu walidhurika kwa sumu hiyo. Ulikuwa wakati wa upungufu wa chakula. Makopa yalikuwa yamekwisha, na muhogo uliobaki ulikuwa ule mbichi ulio ardhini. Mwenye njaa hawezi kungoja wiki tatu. Basi watu walimenya muhogo mbichi, wakautwanga, wakauanika kidogo, wakautwanga tena na kuuanika tena, na jioni ya siku hiyo hiyo wakapika ugali. Unga huo uliitwa chinyanya. Nadhani wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao jina hilo linawakumbusha mbali. Kazi ya wiki nyingi ilifanywa kwa siku moja, na sumu haikupata nafasi ya kutoka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, saa chache tu baada ya kula. Na mtu akila muhogo wa namna hiyo kwa wiki nyingi mfululizo, bila kunde wala samaki, anaweza kupata ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na hauponi. Ugonjwa huo umewahi kuonekana mkoani Mara, na umewahi kuonekana Mtwara pia.

Mnaona, ndugu zangu? Wale watu wa mwaka 1988 hawakuwa wajinga. Njia ya bibi waliijua. Kilichowakosesha ni njaa. Ndiyo maana nasema kwamba kumbukumbu ya mzee peke yake haitoshi, inatakiwa itumike mwezi wa sita na wa saba, jua likiwa kali na muhogo ukiwa tele, ili Februari ikute makopa darini. Kama una bibi au shangazi nyumbani, muulize kiangazi hiki: "Bibi, mwaka ule wa njaa mlikula nini, na mliuandaaje?" Atakutajia na ming'oko ya porini, na mbegu za kunde alizozichanganya na majivu ndani ya kibuyu zisiliwe na fukusi. Tena mwulize mbele ya watoto.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wameongeza njia moja rahisi, nayo imefundishwa kwa akina mama katika sehemu za mkoa wetu wa Mtwara. Hii ni nyongeza ya kazi ya bibi, wala haiondoi ile ya kuloweka na kuanika. Chukua unga wako wa muhogo, utie ndani ya bakuli na uweke alama pale unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka kwanza, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha kutia maji. Tandaza unga huo juu ya mkeka au ungo safi, unene usizidi sentimita moja, yaani pungufu ya upana wa kidole. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5, kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hutoka kama hewa. Gharama yake ni maji na mkeka tu.

Na mkeka huo, ndugu msikilizaji, umeununua au umeusuka?

Hapo nafika kwenye kazi za mkono. Najua wapo watakaosema bwana shamba leo ameacha habari za salfa na palizi, anatuletea habari za ukili. Lakini hebu tembea jioni katika kijiji chochote kati ya Kitangari na Mahuta utazame. Mama mmoja anasuka ukili huku anazungumza. Mzee anachonga mpini wa jembe, na akipata kipande kizuri cha mti anachonga kijiko au sura ya mtu, kwa sababu Mmakonde hawezi kuuona mti mzuri akauacha hivi hivi. Wengine wamekaa kwenye bao. Hakuna anayesema kwamba yuko kazini, wote wanapumzika. Lakini mwisho wa mwezi nyumba ina mkeka mpya wa kuanikia, jembe lina mpini, na hakuna aliyekwenda dukani.

Mwaka 1906 alifika huku mtaalamu mmoja Mjerumani, jina lake Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alikaa Masasi, kisha Newala, akaandika juu ya kazi za mikono alizoziona. Ufinyanzi wa akina mama ulimshangaza, jinsi walivyojenga chungu kwa mkono mtupu bila gurudumu. Vyombo vingi vya wazee wetu alivichukua vikaenda Ulaya. Kujua kufinyanga kwenyewe hakukuweza kuchukuliwa, kulibaki katika vidole vya akina mama. Siku hizi wanaojua kufinyanga wanapungua, na ndoo ya plastiki imekuwa ndiyo chombo. Siikatai ndoo, ni nyepesi kubeba. Lakini ndoo ikipasuka ni fedha nyingine, na maji yake Oktoba ni ya moto kama chai. Mtungi hupoza maji.

Faida nyingine ya kazi hizi siwezi kuipima kwa kilo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Mengi niliyoyajua juu ya mashamba ya Newala niliyasikia kandokando ya bao, wala si mkutanoni. Huko ndiko mzee anakumbuka kwamba mkorosho ule wa kona ulipandwa na mjomba wake baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba uliachwa ukazama porini watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1970. Huko ndiko utasikia jinsi korosho ilivyoanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kiasi cha tani 145,000, na msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000, kwa sababu ya mashamba kuachwa, bei ndogo, na ubwiri unga ulioingia mwishoni mwa miaka ile ya 1970. Kijana aliyesikia hayo kwa mdomo wa mjomba wake hatashangaa nikimwambia apogolee mikorosho na apulize dawa kwa wakati wake.

Sasa tuje kwenye urafiki. Nawafahamu mama wawili. Mmoja anakaa juu, upande wa Newala, na mwenziwe anakaa chini, karibu na Ndanda, ambako chemchemi zinatoka chini ya mlima na mpunga unalimwa. Walijuana tangu usichana wao, na kila mmoja humwita mwenziwe "somo". Mwezi wa saba somo wa Ndanda hupanda mlima. Huketi siku nne au tano wakimenya muhogo pamoja, wakicheka mambo ya zamani ambayo mimi nikikaribia hunyamaza. Akishuka hupewa makopa. Mwezi wa pili, makopa ya huku juu yakianza kupungua, mchele hupanda mlima, na wakati mwingine dagaa au kunde. Hakuna daftari la deni. Nilimwuliza mama wa juu kama wanapimana. Akaniambia, "Mwanangu, ukimpima somo yako umeshamfanya mteja."

Mama huyo hajauza korosho yake kwa kangomba, na sababu ni huo mchele. Kangomba mnaijua. Februari mtu ana njaa, anakwenda kwa mwenye fedha, anachukua shilingi chache au unga, na anaahidi kulipa kwa korosho ambazo hazijatoa hata ua. Msimu ukifika wenziwe wanapeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, naye anapeleka yake nyumbani kwa aliyemkopesha. Tuseme alikopa fedha ya kilo moja, akalipa kilo mbili. Amepoteza nusu ya jasho lake kabla ya kuvuna. Mtu wa namna hiyo ukimhubiria juu ya kuweka akiba hutamsaidia. Alihitaji debe moja la chakula mwezi wa pili, kutoka kwa mtu asiyedai riba. Serikali inakataza kangomba, na ni sawa ikataze, lakini katazo halichemshi chungu.

Marafiki hupeana pia vipando vya muhogo. Jambo hili ni zuri, lakini lina hatari yake, kwa sababu kipando hubeba ugonjwa. Kabla hujafunga mzigo wa miti ya kumpelekea rafiki yako, tazama majani. Yaliyokunjamana yenye mabaka ya njano yana batobato. Kisha ng'oa shina moja na ukate muhogo wake vipande. Ukikuta mabaka ya kahawia makavu kama gome ndani ya nyama yake, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao pwani na kusini tunaufahamu sana kwa hasara yake. Shina linaweza kuonekana zima kwa nje na muhogo ukawa umeoza ndani. Miti ya shamba la namna hiyo usimpe mtu. Ukisita kumweleza rafiki yako, mwambie bwana shamba amekataza, nami nitakubali lawama.

Limebaki jambo la maji. Wamakonde wana hadithi ya asili yao. Mtu mmoja alichonga sanamu ya mti, na asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke. Wakakaa karibu na mto, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakapanda kidogo, na wa pili akafa. Walipofika juu kabisa mtoto wa tatu akaishi, ndipo wakasema tukae juu, mbali na mto. Wazee wanaisimulia kwa fahari. Lakini waliolipia uamuzi huo ni akina mama, kwa kuteremka bondeni na mtungi kichwani vizazi vingi, na mpaka leo mabomba hayajamaliza kiu ya uwanda wote.

Basi anayeezeka bati asiache maji yapotee. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Bati lenye mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 20 usiku mmoja, humwaga lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Kuchimba tangi na kulipiga saruji ni kazi nzito kwa mtu mmoja, na hapa ndipo marafiki wanahitajika tena. Nyumba tano zikialikana, leo kwako na mwezi ujao kwangu, kila mtu atanunua saruji yake, na nguvu za kuchimba watapeana. Mwenye nyumba apike chakula. Funika tangi vizuri, mbu wasizaliane wala mtoto asitumbukie, na mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza. Ukiwa na maji hayo mlangoni mwezi wa pili, hata muhogo mchungu wa kung'oa siku hiyo una pa kulowekwa, siku tatu kamili.